Upozaji kwa Hewa ya Nje

Upozaji kwa hewa ya nje ni njia ya kuondoa joto katika kituo cha data kwa kuingiza hewa baridi iliyoko nje ya jengo badala ya kuitengeneza kwa kiyoyozi. Jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, huzaa "upozaji wa bure", tafsiri fupi lakini yenye kupotosha, kwa kuwa kinachookolewa ni umeme wa kompresa, yaani pampu inayogandamiza gesi ndani ya kiyoyozi, ilhali feni zinazovuta hewa na kuipitisha kwenye machujio huendelea kula umeme usiku na mchana.

Kitenzi kupoza nacho kinahitaji uangalifu. Katika lugha ya mafundi wa umeme nchini Tanzania, kituo cha kupoza umeme, kama kile cha Tagamenda huko Iringa au cha Mwakibete jijini Mbeya, ni mahali ambapo msongo wa umeme hushushwa kabla ya kusambazwa, wala hapana ubaridi unaohusika. Ndiyo maana istilahi isiyotaja kinachopoza humwacha msomaji njia panda.

ASHRAE, jumuiya ya Marekani ya wahandisi wa viyoyozi, hupendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi, kiwango ambacho joto la mchana la Dar es Salaam hukivuka kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini ambacho Mbeya, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa, iliyo chini yake kidogo, hukivuka mara chache zaidi. Mwezi Juni na Julai tatizo hugeuka kabisa: alfajiri hewa ya Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na vilango vya hewa hulazimika kuichanganya na hewa ya moto inayotoka nyuma ya seva ili iingie ikiwa vuguvugu.

Faida hupimwa kwa uwiano wa matumizi ya umeme, yaani umeme wote wa kituo ukigawanywa kwa umeme wa vifaa vya kompyuta pekee. Kituo kinachotumia kilowati 180 ili seva zipate 100 kina uwiano wa 1.8, na kadiri uwiano unavyokaribia 1 ndivyo upotevu unavyopungua.

Hata hivyo, mwinuko huohuo unaoleta baridi hupunguza uzito wa hewa. Kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano, hivyo feni hutakiwa kusukuma ujazo ulioongezeka kwa karibu robo ili kubeba joto lilelile, jambo ambalo mahesabu yaliyofanywa kwa majengo ya pwani hayalioni. Kiangazi huongeza vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na machujio huziba upesi.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, hupita Iringa na Mbeya ukielekea mipaka ya Tunduma na Kasumulu, kwa hiyo mitambo inayohitaji kupozwa imekwisha kufika nyanda hizi. Kwa vyumba vya mitambo hiyo kiyoyozi hakiondolewi; huwekwa akiba kwa alasiri za Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijakolea, na mpangilio huo wa njia mbili unafaa kuitwa upozaji mseto.