The Prisoner ya 2009? Hapana, wasee

Nimetazama zote mbili. Ile ya Uingereza ya 1967, sehemu 17: jasusi anaacha kazi, anatekwa nyara, anaamkia Kijijini ambako kila mtu ni namba. Patrick McGoohan anagoma, na wewe unagoma naye. Ya 2009 ina sehemu 6 tu. Ian McKellen ni moto, siwezi kudanganya. Lakini Namba Sita wa Jim Caviezel anazubaa tu, hasira hana.

Kinachoniuma zaidi? Waliirekodi Swakopmund, Namibia. Mji huohuo Wajerumani waliwafungia Waherero kambini wakati wa mauaji ya kimbari ya 1904 hadi 1908, wengi wakafia humo. Unapeleka hadithi ya wafungwa hapo, halafu mji unabaki mandhari tu? Aki.