Kikoa: Istilahi ya Mlo na ya Mtandao kwa Mafundi Cherehani wa Ufipa

Kikoa, katika maana ambayo wazee wa Kiswahili waliizoea, ni chakula kinacholiwa kwa pamoja na watu waliokubaliana kukichangia, aghalabu kwa zamu, ndiyo maana ilisemwa kwamba watu fulani wanakula kikoa. Neno hilohilo hutaja pia kundi la watu wanaoshirikiana katika jambo moja, na wanaisimu wamelitumia kwa fungu la maneno yenye uhusiano wa kimaana, hivyo mwanafunzi wa semantiki hukutana na vikoa vya maana mapema katika masomo yake. Wataalamu wa tehama nao wamelipa kazi nyingine: kwao kikoa ni eneo la majina ndani ya intaneti lililo chini ya usimamizi mmoja, na jina la kikoa ni lile ambalo mtu huliandika kwenye kivinjari ili afike kwenye tovuti anayoitaka. Ni nadra maana ya mlo na maana ya mtandao kutajwa pamoja, lakini kwa fundi cherehani wa Sumbawanga, mji wa Ufipa, anayetaka kuuza mavazi nje ya mji wake kwa mtaji mdogo, maana zote mbili zina kazi, na inafaa zielezwe pamoja.

Maana ya kitehama ndiyo inayohitaji maelezo marefu zaidi. Kompyuta zilizounganishwa katika mtandao hutambuana kwa namba, na kwa kuwa binadamu hawezi kukariri namba nyingi, yalibuniwa majina ya kuziwakilisha. Hapo awali majina hayo yote yaliwekwa katika orodha moja iliyotunzwa na taasisi ya utafiti ya Stanford huko California, na kila aliyehitaji orodha hiyo alilazimika kuinakili upya kila ilipobadilika, utaratibu ambao ulielemewa kadiri kompyuta zilivyoongezeka. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo ambao hakuna mtu mmoja anayeshika orodha nzima, bali kila msimamizi hutunza sehemu yake tu na huwaelekeza wanaouliza kwa msimamizi wa ngazi ya chini yake. Hapa ndipo uteuzi wa neno kikoa unapoonekana kuwa wa busara, kwa sababu mfumo huo unasimama kwa michango ya wengi, kila mmoja akileta alichonacho, na akikosekana mmoja ni sehemu yake tu inayopungua. Neno kama eneo au himaya lingeeleza mipaka bila kueleza ushirikiano huo.

Jina la kikoa husomwa kutoka kulia. Tuseme kundi la mafundi limejichagulia jina mavaziyaufipa.co.tz: herufi tz ni kikoa cha nchi, kilichoingizwa katika mfumo wa dunia mwaka 1995 kwa ajili ya Tanzania; herufi co huonyesha kwamba mwenye jina anafanya biashara, kama ambavyo go huonyesha serikali, ac vyuo, sc shule na or mashirika; na sehemu ya kushoto kabisa ndiyo ambayo mwombaji mwenyewe huichagua, mradi haijachukuliwa na mwingine. Kituo kilichoundwa kusimamia majina ya tz, kinachojulikana kwa kifupi chake tzNIC, kilianzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na chama cha watoa huduma za intaneti, na usajili hufanywa kupitia mawakala wanaotambuliwa. Jambo la kushikwa ni kwamba jina halinunuliwi likawa mali ya milele. Hulipiwa ada kwa muda maalumu, na muda ukipita bila malipo jina hurudi kapuni na yeyote anaweza kulichukua.

Kikoa kisichanganywe na tovuti, wala tovuti isichanganywe na hifadhi yake. Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa zenye maandishi na picha. Hifadhi ni nafasi katika seva, yaani kompyuta inayowashwa usiku na mchana ili kurasa hizo zipatikane. Na kikoa ni kibao cha jina juu ya mlango wa duka, ambacho mwenye duka anaweza kuhama nacho akihama chumba. Kutofautisha vitu hivi vitatu ndiko kunakomwezesha mtu mwenye fedha kidogo kujua aibane wapi. Programu ya kutengenezea kurasa haihitaji kulipiwa, kwa kuwa zipo programu huria kama WordPress, iliyotolewa mwaka 2003, na teknolojia ya wavuti yenyewe iliachwa itumike bure na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, mwaka 1993. Hifadhi ndogo hutosha kwa duka lenye mishono michache, hasa picha zikipunguzwa ukubwa kabla ya kupakiwa, na upunguzaji huo ni kwa faida ya mnunuzi pia, ambaye hufungua ukurasa kwa simu janja na bando analolihesabia.

Uwanda wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, una sababu zake za kulihitaji duka la namna hiyo. Katika karne ya 19 Wafipa walisokota pamba na kufuma nguo zao wenyewe, ufundi uliofifia vitambaa vya viwandani vilipoenea, na leo fundi wa Sumbawanga hushona zaidi vitenge, vingi vikipitia mipaka ya Tunduma na Kasesya, pamoja na sare za shule, sare za kwaya na makoti yanayotakiwa sana mwezi wa Juni na Julai baridi inapokuwa kali. Barabara ya lami hadi Tunduma imerahisisha kutuma kifurushi kwa basi, na malipo kwa simu yamekuwapo nchini tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2008. Mji wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulipata umeme wake kutoka Zambia, nje ya gridi ya Taifa, lakini umeme ukikatika hapo tovuti haizimiki, maana seva yake iko kwingine. Kinachokosekana mara nyingi ni maarifa ya kuunganisha mambo haya, na hapo maana ya kale ya kikoa inarudi kazini.

Njia ya kuyapata maarifa hayo si ngeni: katika ofisi nyingi za Ulaya na Marekani umezoeleka utaratibu wa watu kujifunza jambo moja fupi wakati wa chakula cha mchana, bila kuacha kazi kwa siku nzima. Waandishi wakitakiwa kuutaja kwa Kiswahili huukimbilia msemo wa semina ya mchana, na uteuzi huo una kasoro kubwa, kwa kuwa nchini Tanzania neno semina limefungamana na posho, na anayealikwa huuliza atalipwa nini kabla ya kuuliza atajifunza nini. Msemo kula bia, uliokuwa na maana ya kula kwa shirika, nao haufai tena, kwani ijapokuwa ubia ungali hai, bia kwa msikilizaji wa leo ni kinywaji. Istilahi inayopendekezwa hapa ni kikoa cha mafunzo, kwa sababu jina lenyewe linatamka sharti: anayekuja huja na mchango, iwe ni unga, maharage, migebuka ya Tanganyika au ujuzi wa kupunguza picha, na zamu yake ya kulisha na ya kufundisha itafika.

Upangaji wa kikoa cha mafunzo hufuata kalenda ya ushonaji. Desemba na Januari hazifai, maana ndio msimu wa nguo za Krismasi na sare za shule, na siku ya gulio haifai pia. Miezi inayofuata msimu huo, cherehani zinapopumzika, ndiyo yenye nafasi. Saa moja inatosha iwapo somo ni moja: siku moja kupiga picha ya gauni kwenye mwanga wa asubuhi badala ya ndani ya kibanda, siku nyingine kuandika vipimo vya kifua, kiuno na nyonga kwa namna ambayo mteja wa Mbeya au Dodoma ataweza kujipima kwa tepu bila msaada wa fundi, siku nyingine kupanga bei pamoja na nauli ya kifurushi. Somo la vipimo ndilo linalostahili kurudiwa, kwani vazi linalorejeshwa kwa sababu limebana hula faida ya mavazi kadhaa, na hakuna tovuti, hata ikipambwa vipi, inayoweza kufidia hasara hiyo. Yafaa pia ielezwe kwamba mteja anayeacha namba yake ya simu na vipimo vya mwili ameacha taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezikusanya azitunze na asizitumie kwa jambo jingine.

Kati ya masomo yote, la usajili wa jina liwe la kwanza. Kijana anayejua kompyuta akilitengenezea kundi tovuti, mara nyingi hujiandikisha yeye mwenyewe kuwa mwenye kikoa kwa kuwa ndiye aliyejaza fomu, na siku wakikosana au akihamia mji mwingine, kundi hubaki na mavazi lakini bila jina ambalo wateja walilizoea. Kwa hiyo mafundi wa Ufipa wanaoanza safari hii wabane gharama popote wanapoweza, lakini ada ya jina wailipe kwa wakati, na kabla ya kumlipa yeyote wadai kuona kwamba katika kumbukumbu za usajili mwenye kikoa ni kundi lao, na kwamba namba ya simu na barua pepe zilizoandikwa hapo ni zao wenyewe.