Mbu, batumbula na swali la mama mumoja

Juzi hapa Gihosha niliwaonyesha vijana filamu ya katuni juu ya malaria, kwenye simu yangu. Mama mumoja alisimama mlangoni, mtoto mgongoni ana homa, akaniuliza: "Mwanangu, mbu inakunywa damu, nimeona. Na banaotoboaka batoto kidole, ile damu banaipeleka wapi?" Vijana wakacheka. Mimi sikucheka, sababu swali lake lina historia.

Zamani za Wabelgiji, watu wa Katanga waliogopa batumbula. Nairobi na Kampala waliogopa wazimamoto, na pwani mumiani. Majina mengi, hofu moja: watu wanakamatwa usiku, damu yao inachukuliwa. Luise White aliandika kitabu kizima juu ya hofu hii, kikatoka mwaka 2000. Tusiseme ni ujinga tu. Wakati ule, kwenye kampeni za malale huko Kongo, watu walipangwa mstari, wakachomwa sindano hadi uti wa mgongo. Nani aliwaeleza vizuri?

Mwaka 1943, kampuni ya Walt Disney ilitoa katuni The Winged Scourge. Ndani yake mnyonya damu ni mbu jike, anatafutwa kama jambazi. Vibete saba wa Snow White wanamwaga mafuta kwenye maji na kufunga chandarua. Katuni inaweza kuonyesha kitu ambacho jicho halioni, hiyo ndo nguvu yake.

Lakini watengenezaji filamu wa kikoloni walipenda kusimulia kwamba Mwafrika akionyeshwa mbu mkubwa kwenye pazia anasema: "Sisi wetu ni wadogo, hatuna shida." Walitaka kusema hatuelewi picha. Mimi naona yule mama alielewa picha vizuri kabisa. Alichouliza ni nani ameshika sindano.

Mkongomani Jean-Michel Kibushi alionyesha mwaka 1991 kwamba hata sisi tunaweza: alitengeneza katuni kutoka hadithi ya chura aliyekwenda kwa wakwe. Na sisi tuchore yetu, inayofuata tone la damu tangu kidoleni mpaka mwisho.

Siku ile sikuwa na katuni hiyo. Nilimsindikiza mama, nikamwomba muuguzi afanye kila kitu mbele ya macho yake. Tone moja likaingia kwenye kile kipimo kidogo cha plastiki, tukangoja wote watatu. Mistari miwili: malaria. Mtoto akapewa dawa.

Ninyi mnaotusaidia, mtu akiuliza damu yake inaenda wapi, msicheke. Mwonyesheni.