Safu ya Lugha: Dhambi ya asili

Wengi wetu, hata tuliobatizwa zamani, tukisikia "dhambi ya asili" tunadhani ni Adamu na Hawa kukutana kimwili. Sivyo hata kidogo. Katika kitabu cha Mwanzo baraka ya kuzaa imo sura ya 1; anguko linakuja sura ya 3, nalo ni kuasi agizo la Mungu. Wengine hulichukua neno asili kwa maana ya maumbile, kana kwamba Muumba alituumba wabovu. Hapana. Asili, kutoka Kiarabu, ni shina, chanzo. Augustino wa Hippo ndiye aliyelieneza jina hilo kwa Kilatini, peccatum originale: dhambi inayotufikia kutoka kwenye chanzo cha ukoo wetu.

Maneno dhambi na hatia nayo yametoka Kiarabu, na huko yanakaribiana mno. Kiswahili kimeyatenga, na kimefanya vizuri: dhambi ni uasi mbele ya Mungu, hatia ni kustahili kulaumiwa. Ndiyo maana mahakama humkuta mtu na hatia, haimkuti na dhambi. Tofauti hii ina uzito: Augustino alifundisha kwamba tunarithi hata hatia ya Adamu, ilhali Waorthodoksi husema tumerithi mauti na udhaifu tu.

Basi tusiseme mtoto mchanga "ametenda" dhambi ya asili. Amezaliwa nayo. Ya kutenda ni nyingine.