Chandarua pekee hakitoshi kumshinda mbu wa mjini

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam huichukulia vita dhidi ya mbu kuwa ni kazi ya usiku: chandarua hushushwa, dawa hupuliziwa chumbani na madirisha hufungwa. Hata hivyo, jiji hilo lilikumbwa na milipuko ya homa ya dengue mwaka 2010, 2014 na 2019, na mbu anayeeneza ugonjwa huo huuma mchana, wakati vyandarua vimekunjwa. Kwa sababu hiyo, mtaa unaotaka kujikinga hauna budi kufahamu una mbu wa aina gani, wanazaliana wapi na wanauma saa ngapi.

Mbu anayeuma ni jike, kwani huhitaji damu ili kukomaza mayai yake. Viluwiluwi wa aina zote huishi majini, na katika joto la pwani safari ya yai hadi mbu kamili huchukua takriban siku 7 hadi 14. Ndiyo maana ukaguzi wa maji yaliyotuama hufanywa kila wiki, si kila mwezi.

Anofelesi

Huyu ndiye mwenezaji wa malaria. Huuma zaidi usiku hadi alfajiri. Hupenda maji yaliyotulia na yanayopigwa na jua: madimbwi ya mvua, mashimo yaliyochimbwa mchanga, na mifereji kati ya matuta ya mboga mabondeni. Viluwiluwi wake hulala sambamba na uso wa maji. Kinga yake ni kulala ndani ya chandarua chenye viuatilifu, kuweka wavu madirishani, kufukia madimbwi na kuzibua mitaro.

Kuleksi

Huyu huzaliana katika maji machafu ya vyoo vya shimo, makaro na mitaro iliyoziba. Viluwiluwi wake huning'inia kichwa kikiwa chini. Kelele zake usiku huwakera wengi, lakini madhara makubwa ni kueneza vimelea vya matende na mabusha. Makaro yafunikwe bila kuacha nyufa, na bomba la hewa la choo liwekewe wavu. Huko Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, chembe nyepesi za plastiki zilimwagwa vyooni zikaelea na kuyafunika maji, na mbu hao wakapungua sana.

Aedesi

Ni mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, na ndiye aenezaye dengue. Huzaliana karibu kabisa na watu: katika mapipa, ndoo, matairi chakavu, vifuu vya nazi na sahani za maua. Mayai yake hugandamana na kuta za chombo na huweza kuishi miezi kadhaa pakavu. Kumwaga maji tu hakutoshi. Chombo kisuguliwe ndani, kisha kifunikwe. Mchana ni vyema kuvaa mikono mirefu na kupaka dawa ya kufukuza mbu. Anayeshukiwa kuwa na dengue asimeze aspirini, kwani huongeza hatari ya kutokwa damu, bali awahi kituo cha afya.

Mgawanyo huo wa mazalia hauna uhakika wa kudumu. Aina ya Anofelesi kutoka Asia iitwayo stephensi, iliyogunduliwa Djibouti mwaka 2012 na baadaye nchini Kenya, huzaliana hata katika matangi na mapipa ya maji ya mijini. Pipa lililo wazi, ambalo lilihofiwa kwa dengue tu, linaweza pia kuleta malaria.

Kazi ya mtaa mzima

Nyumba moja ikisafishwa na ya jirani ikaachwa, mbu huvuka ukuta. Mpango wa kudhibiti malaria ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 2004 uliwatumia wakazi wa mitaa kukagua mazalia na kuweka dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi bila kuwadhuru watu wala samaki. Tafiti zilionyesha kuwa maambukizi ya malaria yalipungua katika kata zilizohusika.

Mtaa usio na dawa hiyo nao una la kufanya. Serikali ya mtaa inaweza kuteua siku moja ya wiki, kila kaya ikakagua vyombo vyake, na vijana wakazibua mtaro wa pamoja kuanzia juu unakotoka hadi unakomwaga maji. Mtaro ukizibuliwa nusu, maji huhamia tu mbele ya nyumba nyingine.