Kususia Baraza na Kususia Kura: Zanzibar, 1995 na 2016

Chama kinachoamini kuwa kimepokonywa ushindi hukabiliwa na swali zito: kiingie au kisusie? Historia ya Zanzibar yaonesha kwamba jibu hutegemea chama kimeshika nini mkononi.

Mwaka 1995 Dkt. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad. CUF, iliyopata majimbo 24 kati ya 50, ilisusia vikao vya Baraza la Wawakilishi. Viti vile vilikuwa vyake hata vikiwa vitupu. Pengo hilo lilionekana hadi Muafaka wa 1999.

Machi 2016 mambo yalikuwa mengine. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, nayo CUF ikasusia marudio. Dkt. Ali Mohamed Shein akapata asilimia 91.4, na nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, tunda la kura ya maoni ya 2010, ikabaki wazi. Msimamo ulilindwa, lakini Pemba, ngome ya chama hicho, ikawakilishwa na watu ambao wafuasi wake hawakuwapigia kura.

Wanaopanga mikakati leo wapime kwanza: gharama ya kususia italipwa na nani?