Vitabu vya Uzuri na Unga Mweupe

Msomaji, ukiingia katika duka la vitabu mjini Nairobi au Mombasa, yamkini utaviona vitabu vinavyofundisha namna ya kutunza uso, kuupaka rangi, na kula vyakula vya kuitakasa ngozi. Usidhani kuwa huo ni uzushi wa siku hizi. Uzuri uliandikiwa vitabu tangu zamani sana, na baadhi ya waandishi wake walikuwa watu wa akili nyingi. Nataka tuvifungue pamoja, maana ndani yake mna manukato na mna sumu, na pengine vyote viwili vimo katika ukurasa mmoja.

Ovid, mshairi wa Roma aliyezaliwa mwaka 43 kabla ya Kristo, alitunga shairi juu ya dawa za uso wa wanawake. Iliyosalia ni mistari 100 tu. Humo anaagiza shayiri ya Libya, mayai 10, pembe ya ayala iliyosagwa, mizizi 12 ya maua ya nargisi, na asali nyingi. Twaweza kucheka, tukadhani twasoma mapishi ya andazi. Lakini katika dawa nyingine mshairi huyo huyo, bila ya kusita, anatia unga mweupe wa madini ya risasi.

Tutue kidogo hapa, kwa kuwa unga huu ndio uliotawala nyuso za matajiri wa Ulaya kwa karne nyingi. Vipande vya risasi viliwekwa juu ya siki ndani ya chombo. Mvuke wa siki ukayala madini, yakaota ukoko mweupe. Ukoko ukakwanguliwa, ukasagwa. Theophrastus, Mgriki, alikwisha ieleza kazi hiyo karne tatu kabla ya Ovid. Naye Pliny wa Roma, aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba unga huo ukinywewa huua. Basi walijua! Mbona waliendelea kuupaka? Sababu ni kwamba sumu hii haina haraka. Asubuhi uso hung'aa. Madhara huja baada ya miaka, wala mgonjwa hayahusishi na kikopo kilicho mbele ya kioo chake. Tena ngozi ilipoharibika, mwenye nayo aliongeza unga ili kuficha ubaya ulioletwa na unga. Mwaka 1760 alikufa Maria Coventry, mwanamke aliyesifiwa London nzima kwa uzuri, hajatimiza miaka 30. Wengine wametaja kifua kikuu, lakini wengi waliulaumu unga wake mweupe.

Si vitabu vyote vilivyokuwa na hatari. Galen, tabibu aliyezaliwa mwaka 129, anatajwa kuwa ndiye aliyechanganya nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya waridi, na marhamu ya namna hiyo yangali yakitengenezwa leo. Huko Cordoba, Abu al-Qasim al-Zahrawi alikamilisha yapata mwaka 1000 kitabu kikubwa cha utabibu chenye sehemu 30, na sehemu ya 19 aliitenga kwa manukato na mapambo. Katika karne ya 12, mji wa Salerno, Italia, ulitoa kitabu cha urembo kilichosomwa kwa muda mrefu kwa jina la Trotula. Trota alikuwapo kweli, naye alikuwa mganga hodari. Lakini wataalamu wa siku zetu wamegundua kwamba kitabu cha urembo hakukiandika yeye.

Na chakula je? Juu ya jambo hili waandishi wa urembo wamesema mengi kwa kukisia. Ushahidi ulio imara ulitoka mahali pasipotarajiwa, yaani katika ugonjwa wa maskini. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal wa Hispania alieleza maradhi yaliyoikwaruza ngozi ya wakulima waliokula mahindi karibu peke yake. Waitalia waliyaita pelagra, maana yake ngozi iliyoparara. Katika majimbo ya kusini ya Marekani maradhi hayo yaliua maelfu, na watu walidhani kuwa yanaambukiza. Kuanzia mwaka 1914 Joseph Goldberger alishikilia kwamba kosa limo sahanini. Wafungwa 11 wa Mississippi walikubali kula chakula cha aina hiyo kwa ahadi ya kuachiliwa huru, na 6 kati yao wakaparara ngozi. Wakaidi hawakuamini, basi mwaka 1916 akajidunga damu ya wagonjwa, na asiugue. Kirutubisho chenyewe, nayasini, kilitambuliwa mwaka 1937. Mahindi yanacho, ila kimefungwa ndani. Wenyeji wa Meksiko, ambao huyachemsha kwa chokaa, walikuwa wakikifungua tangu kale bila kitabu chochote.

Usimcheke mno mwanamke wa London. Unga wa risasi umeondoka, lakini tamaa ya weupe imebaki, na leo zebaki hutiwa katika baadhi ya sabuni na krimu za kuchubua. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, kisha huharibu mafigo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliipiga marufuku katika vipodozi, ukaruhusu kiasi kidogo mno. Mwaka 2023 mataifa yalikubaliana kukiondoa hata hicho. Hata hivyo bidhaa hizo zingali zikiuzwa, na aghalabu jina la zebaki halimo katika karatasi ya kopo.

Pwani yetu nayo ina maandishi yake. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa maonyo, na urembo hakuusahau: pete vidoleni, hina kuchani, wanja machoni na nyusini, asumini na marashi. Hakumwagiza popote abadili rangi aliyozaliwa nayo. Kipimo cha singo na liwa hukipati humo. Hicho kiliachwa kwa somo, ambaye humsinga bibi arusi kwa mikono yake mwenyewe.